Rejeta kwa gari la zamani lenye injini ngeni: shaba, plastiki au alumini?

Tuchukue magari matatu ambayo mpenzi wa magari ya zamani hapa Nairobi hakosi kukutana nayo: Datsun 1200 inayowekewa injini ya SR20 ya Nissan Silvia, Peugeot 504 inayowekewa 22R ya Toyota Hilux, na Land Rover Series III inayotolewa injini ya petroli na kutiwa 3L ya dizeli ya Toyota. Yote matatu lazima yatafutiwe rejeta, ile inayopoza maji ya injini, na ukishuka Kirinyaga Road kwa wauza vipuri kuulizia, yote matatu yatapewa jibu moja: "Weka alumini, mkubwa. Hiyo haichemshi."

Inachemsha vizuri tu, hasa kwenye foleni ya Jogoo Road saa kumi na moja jioni, kama feni ni ndogo na kava ya feni haipo. Kwangu mimi, metali ni jambo la tatu. La kwanza ni ukubwa wa uso wa rejeta unaopigwa na hewa. La pili ni jinsi hewa inavyolazimishwa kupita hapo badala ya kuzunguka kando. Ukishayapanga hayo mawili ndipo uanze kubishana kuhusu shaba na alumini, na hata hapo swali litakalokufaa zaidi ni nani ataiziba ikitoboka ukiwa Mtito Andei.

Joto linaongezeka kwa kiasi gani

Kwa injini ya petroli, hesabu ya haraka ni hii: ukiikanyaga mpaka mwisho, joto linaloingia kwenye maji hukaribiana na nguvu inayotoka kwenye krenki. A12, injini ya asili ya Datsun 1200, ni ya sisi (cc) 1,171, nguvu yake haifiki farasi 70. SR20DE ni sisi 1,998 na inafika farasi 140 au zaidi. Ukiitumia kweli, joto la kutupwa nje limekuwa mara mbili, na rejeta iliyokuja na gari ilipimwa kwa lile la kwanza.

Peugeot haina shida hiyo. 504 ya lita mbili ilitoka kiwandani na farasi tisini na kitu, na 22R ya kabureta iko papo hapo. Land Rover nayo inaongeza farasi wachache juu ya ile petroli ya sisi 2,286, lakini dizeli humwaga joto pungufu kwenye maji kwa kazi ileile, na nyuma ya grili ya Series III pana nafasi ya kufugia kuku. Kwa hiyo kati ya magari haya matatu ni moja tu lenye tatizo la joto hasa. Mengine mawili yana tatizo la kupachika.

Kisha kuna Nairobi yenyewe. Tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka hapa kwenye nyuzi 94. Injini nyingi za Japani zina thamostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka yapate moto) inayoanza kufunguka kwenye 82 au 88. Ukiwa na kifuniko cha rejeta kilicholegea, kisichoshika presha, umebakiwa na nyuzi sita kati ya injini iliyo sawa na injini inayofuka mvuke mbele ya polisi wa trafiki. Kifuniko kizima cha bar 0.9 hupandisha kiwango hicho hadi karibu nyuzi 115. Cha bar 1.1 hukifikisha karibu 119, ambacho ndicho mtu wa Mombasa anakipata kwa kile cha 0.9. Mimi kwa injini ya Japani hapa juu napendelea 1.1, mradi mipira, hita na rejeta yenyewe viwe vimeundwa kustahimili. Hilo la mwisho litaturudia tukifika kwenye shaba.

Hewa nayo ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama asilimia 15, hivyo feni ileile inasukuma hewa pungufu. Injini isiyo na tabo hupungukiwa nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, basi deni linajilipa. Yenye tabo haipungukiwi sana. Anayeweka SR20DET, ile SR20 yenye tabo, asijifariji na baridi ya Nairobi.

Shaba ya zamani, kiini kipya

Hapa unabaki na matangi yako ya juu na ya chini, yale ya shaba ya njano yenye chapa ya kiwanda, halafu fundi anakuuzia kiini kipya, yaani ile sehemu ya mirija na mapezi, na kukiunga kwa lehemu. Boneti ikifunguliwa kwenye Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa, pale Ngong Racecourse, gari bado linaonekana la miaka yake.

Nenda umsimamie fundi, usiache rejeta na kuondoka. Kazi yenyewe ni nzuri kuitazama: anapasha ukingo wa tangi kwa moto wa gesi mpaka lehemu ya zamani inaanza kung'aa na kutiririka, analigonga tangi mara mbili, linatoka. Ndani utaona uchafu wa rangi ya kahawia umeganda kwenye midomo ya mirija. Anapaka asidi kwa brashi, anaunga upya, halafu anaziba midomo yote kwa raba, anatia hewa ya kompresa na kuizamisha rejeta nzima kwenye pipa la maji. Mapovu ndiyo yanayosema ukweli. Mstari mwembamba wa mapovu kwenye kona ya tangi maana yake inarudi kwenye moto.

Mambo mawili yanafaa kuangaliwa kabla hujalipa. Moja ni mirija iliyozibwa. Mrija ukivuja, njia ya mkato ni kuuziba kwa lehemu juu na chini, na rejeta haivuji tena. Ila kila mrija uliozibwa ni sehemu ya rejeta iliyokufa, na rejeta za mtumba zenye mirija sita au saba ya namna hiyo zinauzwa kila siku kama "safi kabisa". Chungulia kwa tochi kupitia shingo ya kifuniko: mabonge ya lehemu yanaonekana. La pili ni idadi ya safu. Utaulizwa kama unataka safu mbili, tatu au nne, na wengi husema nne kwa sababu nne ni nyingi. Hewa inayofika safu ya nne imeshapashwa na tatu zilizotangulia, kwa hiyo safu hiyo inafanya kazi ndogo huku ikizuia hewa isipite. Safu tatu zenye feni nzuri zinatosha karibu kila mara. Nne ni za gari linalokwenda kasi barabara wazi, au lenye feni kubwa ya injini.

Udhaifu wa shaba ni presha na uzito. Matangi ya miaka ya 50 na 60 mara nyingi yalipangiwa presha ya bar 0.5 hivi, ambayo kwa Nairobi hukupa nyuzi 107 tu kabla ya kuchemka. Ukitaka kifuniko cha 0.9 juu ya tangi hilo, mwambie fundi mapema aimarishe maungio, vinginevyo lehemu itafunguka taratibu na utaona alama ya kijani kwenye kona.

Nguvu yake ni kwamba inazibika popote penye fundi na moto. Emali, Voi, Narok, Isiolo: mwenye gesi na lehemu hakosekani. Land Rover yetu ya 3L inaingia kundi hili la shaba bila mjadala. Nafasi ipo, joto si la kutisha, na gari lenyewe ni la kwenda mahali ambapo hakuna wa kuchomea alumini.

Rejeta ya gari lililotoa injini

Watu wengi huipita hii haraka kwa sababu haina mvuto. Ni alumini yenye matangi ya plastiki nyeusi, inaonekana ya Probox, na haipigwi picha. Lakini wahandisi wa Toyota au Nissan walishaipima kwa injini hiyohiyo, midomo ya mipira inalingana na ya injini, na mpya inapatikana dukani siku hiyohiyo. Kwa 504 yenye 22R ningeanzia hapa, na rejeta ya Hilux.

Kazi iko kwenye kuipachika. Injini ya asili ya 504 imelala kwa nyuzi 45 upande mmoja, 22R imesimama, kwa hiyo mipira haitafuata njia ya zamani. Usikubali mpira wa moja kwa moja uliopindwa kwa nguvu mpaka ukajikunja. Chukua mipira yenye kona tayari kutoka magari mengine, ukate na kuunganisha kwa kipande cha bomba la chuma. 504 pia ilikuja na feni inayojiwasha kwa sumaku ya umeme, na feni hiyo inaondoka pamoja na injini yake. Hilo lisisahauliwe, maana wapo wanaohesabu rejeta na kusahau kwamba wamepoteza feni.

Plastiki huzeeka. Ya mtumba kutoka Japani ikiwa imegeuka kutoka nyeusi hadi kahawia-kijivu, hasa kuzunguka mdomo wa mpira wa juu, iache hapo hapo. Haiungwi kwa lehemu, na gundi za kuchanganya zinashika mpaka siku utakapopanda mlima. Ukinunua mpya, pima unene wa kiini kwa rula. Rejeta mbili za sura moja, za gari moja, zaweza kuwa moja ina kiini cha milimita 16 na nyingine 26, na muuzaji ataziita zote "original". Ya milimita 16 ndiyo ya bei rahisi.

Kuna kidude kingine. Magari mengi yanayoingia kutoka Japani ni ya giaboksi otomatiki, na tangi la rejeta yake lina kipozeo cha mafuta ya giaboksi, chenye midomo miwili midogo ya chuma. Ukiweka giaboksi ya mkono, midomo hiyo iachwe na vifuniko tu, haina madhara. Ukibaki na otomatiki halafu ukachagua rejeta isiyo na kipozeo, tafuta kipozeo cha pembeni. Mafuta ya otomatiki yakiungua, bei ya giaboksi itafanya rejeta ionekane njugu.

Kwa Datsun, njia hii inagonga ukuta. Silvia S13 ina upana wa milimita 1,690, Datsun 1200 karibu 1,500, na hapo hatujatoa fremu, taa na boksi ya stelingi. Rejeta ya Silvia haiingii bila kukata, na kukata fremu ya mbele ya Datsun nzima ni dhambi ambayo mimi siitaki.

Alumini tupu

Hii ndiyo inayong'aa: matangi ya alumini yaliyochomewa kwa gesi ya agoni, kiini cha milimita 40 hadi 55. Wanaoipinga husema shaba inapitisha joto karibu mara mbili ya alumini, na ni kweli. Lakini mrija wa shaba huwa mwembamba, na mapezi yake yameshikwa kwa lehemu, ambayo haipitishi joto vizuri. Alumini ni nyepesi na hushika umbo, hivyo mrija wake unaweza kuwa na upana wa milimita 25 na zaidi, na mapezi yameyeyushiwa kwenye mrija moja kwa moja. Kwa nafasi ileile, ya alumini iliyotengenezwa vizuri si kwamba inalingana tu na ya shaba, mara nyingi inaipita, na ni nyepesi zaidi. Tatizo ni hilo neno "vizuri". Zinazoagizwa bila jina zinatofautiana mno. Pitisha kidole kwenye mshono wa ndani wa shingo, tazama kama mapezi yameshikana na mrija kila mahali au kuna mistari iliyoachia, na uliza kama imewahi kupimwa kwa presha.

Kwa Datsun ya SR20 ndiyo chaguo langu, na hasa ile inayopitisha maji kutoka upande hadi upande. Boneti ya Datsun iko chini, na matangi yakiwa ubavuni unapata kimo chote kwa ajili ya kiini. Maji kupita kwa ubavu hakupozi zaidi kuliko maji kushuka, kama kiini ni kilekile. Faida ni kwamba kifuniko kinakaa upande wa maji yanayotoka, ambako presha ya pampu haikisukumi injini ikizungushwa kwa kasi. Kwenye rejeta ya kushuka, kifuniko kiko tangi la juu, na pampu inaongeza presha yake juu ya ile ya joto.

Ukiishusha rejeta mpaka juu yake ikawa chini kuliko hedi ya injini, hewa itanasa kwenye hedi na hakuna rejeta itakayokuokoa. Weka tangi dogo la kujazia, lenye kifuniko cha presha, mahali palipo juu kuliko vyote, ubavuni karibu na ukuta wa kabini.

Alumini haipendi kubanwa. Fremu ya gari la zamani hujinyonga kwenye matuta, na rejeta iliyokazwa kwa bolti pande nne itapasuka kwenye mshono kabla hujamaliza barabara ya Magadi. Iketi juu ya raba na ishikwe juu kwa raba. Ikipasuka, Industrial Area na Kariobangi wapo wa kuchomea kwa agoni wanaojua kazi. Nje ya miji mikubwa, jipange kurudi juu ya flatbedi.

Tena haipendi maji ya chumvi. Wanaoishi Syokimau au Kitengela wanajua maji ya kisima yanavyofanya kwenye birika, na ndani ya rejeta ya alumini huwa mabaya zaidi: hula mirija kutoka ndani mpaka itoe jasho la kulanti (maji ya rejeta yenye dawa). Kulanti ya kuchanganya ichanganywe na maji yaliyosafishwa, yale ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya petroli (maji, si asidi). Waya wa ardhi wa feni usifungwe kwenye rejeta. Kupima kama umeme unapita kwenye kulanti ni rahisi: mita kwenye volti, waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu uguse kulanti bila kugusa chuma. Ikizidi volti 0.3, kuna umeme unaopitia maji yako, na kwa alumini hata 0.1 ningeitafutia chanzo.

Feni

Injini ngeni mara nyingi ni ndefu kuliko ya awali, feni yake ya mkanda inagusa rejeta, na hapo ndipo ya umeme inapoingia. Iwe ya kuvuta, nyuma ya rejeta. Ya kusukuma mbele huzuia hewa kwenye barabara wazi. Ipewe kava inayofunika uso wote wa kiini, kwa sababu feni ya duara iliyofungwa moja kwa moja kwenye mapezi inapoza duara hilo tu na kuacha kona zote. Bati lililokunjwa na fundi wa Kamukunji linatosha kabisa kwa kava. Feni moja kubwa hula ampea 15 hadi 25, kwa hiyo iwe na rilei yake, na ikaangaliwe kama altaneta iliyokuja na injini inabeba.

Land Rover ibaki na feni ya injini. Haina mengi ya kuharibika.

Kuijaribu

Thamostati isitolewe. Najua kila gereji ina mtu atakayekuambia "toa hiyo kitu." Kwenye injini nyingi za Toyota, thamostati ikifunguka ndiyo inayofunga njia fupi ya maji ya moto, ukiitoa, sehemu ya maji hayo huzunguka kwenye injini bila kuiona rejeta.

Gari likishakamilika, liache likinguruma uwanjani mpaka feni iwake na kuzima mara mbili, ukitazama geji. Kisha liingize foleni. Kisha lipeleke Mai Mahiu na ulipandishe kuelekea Limuru likiwa na watu wanne, saa saba mchana. Likipanda joto kwenye foleni na kupoa ukipata barabara, rejeta yako ni sawa. Shughulikia feni na kava. Likitulia kwenye foleni lakini likapanda joto mlimani, uso wa rejeta ni mdogo au mirija imeziba, na hapo ndipo pesa ya rejeta kubwa inapostahili kutoka. Likipanda joto kote kuwili, usinunue rejeta yoyote kabla hujakagua pampu ya maji, taimingi na gasketi ya hedi. Anza na gasketi kama injini ni ya mtumba, maana hujui iliondolewa kwenye gari gani na kwa nini.